Manowari ikipita Likoni

Jioni ya leo feri ilizuiliwa Likoni, Mombasa, kupisha manowari iliyokuwa ikitoka Mtongwe, kambi ya wanamaji. Baba alikuwa na mfuko wa maembe. Akauweka chini, akanyoosha mgongo na kusimama wima, mikono ubavuni. Amestaafu miaka mingi, lakini mwili haujasahau.

Tukingoja, akaanza tena habari za Jenerali Samson Jefwa Mwathethe, mwanamaji aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi yetu. Simchoki. Kwa mabaharia wa umri wake, jina hilo lina uzito wake. Jeshi letu la wanamaji, lililoanzishwa Desemba 1964, ndilo dogo kuliko mengine, na watu wa bara wakisikia neno jeshi huwaza vifaru na gwaride. Joseph Kibwana alifungua mlango mwaka 2000 alipokuwa mwanamaji wa kwanza kuongoza majeshi yote ya Kenya. Kisha Mei 2015 ikawa zamu ya Mwathethe, akakaa hadi 2020.

Mimi ninachokifikiria zaidi ni miaka iliyotangulia. Alijiunga mwaka 1978, akasomea chuo cha wanamaji cha Dartmouth, Uingereza, na uongozi wa wanamaji akaupata 2011. Hiyo ni miaka 33! Ni zamu ngapi hizo za saa nane usiku, macho yametoka, kahawa imepoa, na wewe ndiye unayeulizwa kina cha maji? Baba husema ofisa wa meli hana pa kujificha: akikosea, wote wanazama naye. Ndiyo maana namheshimu mtu aliyepanda ngazi hiyo daraja kwa daraja.

Nakumbuka Septemba 2012, askari wetu waliposhushwa ufukweni kutoka melini, kaskazini mwa Kismayu, Somalia. Mwathethe ndiye aliyekuwa kamanda wa wanamaji. Baba hakulala. Alikaa barazani, redio ameibana sikioni, na kila mara akiniuliza upepo unavuma kutoka wapi. Sikuelewa wakati ule. Yeye alikuwa akiwafikiria vijana ndani ya mashua ndogo, gizani, mawimbi yakiwapiga ubavuni kabla hata hawajaiona risasi.

Manowari ikapita, bendera ikipepea nyuma, mawimbi yake yakafika gatini na kulowesha viatu vya waliosogea mno. Baba hakusema kitu mpaka ilipokata kona kuelekea bahari kuu. Ndipo akainama kuokota maembe yake.

"Twende, mwanangu. Feri isituache."