Tukishamkabidhi Mgonjwa

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye gari la wagonjwa, swali lao huwa ni la damu. "Sista, huogopi?" Damu inazoeleka. Mfupa uliochomoza nje ya ngozi unazoeleka pia. Kinachonishinda mpaka leo ni simu.

Barabara yetu inaanzia Malaba, mpaka wa Uganda na Kenya, inapita Tororo, Bugiri na Iganga hadi Jinja, na sehemu kubwa ya mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala na Kigali hupita hapa. Malori hayalali. Katikati yao kuna boda boda zisizo na taa, abiria wawili nyuma na gunia la makaa juu yake. Ajali ikitokea kwenye msitu wa Busitema saa nane usiku, mara nyingi anayetupigia ni mwendesha boda mwingine aliyekuwa akipita.

Unafika, unapiga magoti kando ya lami, umeuma tochi, mikono yote miwili umekandamiza paja la mtu linalovuja damu. Simu mfukoni mwake inaita. Kioo kinawaka ndani ya kitambaa cha suruali, unasoma: Mama Watoto. Inakatika. Inaita tena. Huwezi kupokea, na hata ukiweza, utasema nini? Wakati mwingine mwenyewe ameshakata roho na simu bado inaita, inaita njia nzima hadi hospitali, mpaka chaji iishe.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, binti wa mwanajeshi, Kiswahili nimekua nacho. Ndiyo maana kwenye kikosi chetu madereva wa malori ni wangu. Awe ametoka Mombasa, Moshi au Goma, akiwa bado ana fahamu ni mimi ninayekaa kichwani pake. Wananipa maagizo. Mmoja aliniambia, "Dada, mwambie mke wangu pesa ya shule iko kwa shemeji." Alilirudia hilo kila alipopata pumzi, jina la mke hakulitaja. Tulimfikisha akiwa hai. Tukamkabidhi mlangoni kwa wenzetu wa dharura, nikatia sahihi, tukaosha machela kwa klorini, tukaitwa kwingine. Niliporudi kumuulizia, zamu ilikuwa imebadilika na jina lake halikuwa kwenye kitabu cha wodi ile.

Hapo ndipo tunapoumia, na sijaona likisemwa vya kutosha. Daktari wa wodini humwona mgonjwa akianza kula, au humfunika shuka. Vyovyote iwavyo, anajua. Sisi tunamwona mtu katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake, kisha mlango unafungwa. Kichwa hakikubali. Usiku kinaimalizia habari chenyewe, na hakijawahi kuimalizia kwa heri.

Dereva wetu ni mtu mzima, sote tunamwita Baba. Ameniruhusu niandike haya. Nilianza kuwa na wasiwasi juu yake kwa jambo dogo: alikuwa akisugua gari lililokwisha kusafishwa. Alikuwa na mswaki wa zamani, anaingia nyuma, anainama kwenye reli ya chuma ambamo machela hujifunga, anachokonoa pembe moja baada ya nyingine. Maji yanatoka meupe, naye bado anasugua. Baadaye kikaja kichupa cha waragi, pombe kali, akitoka zamu. Kazini hakunywa hata siku moja, lakini bila kichupa kile usingizi ulikuwa haumjii. Mkewe alinipigia mwenyewe: "Mwanangu, mzee wako anapiga kelele usiku."

Kulikuwa na ajali ya basi, kubwa, na wakubwa wetu wa wakati huo waliona watusaidie. Tulikusanywa kwenye ukumbi wa hoteli. Mgeni aliyeletwa akamtaka kila mmoja asimame, aeleze kitu kibaya kuliko vyote alichokiona. Tukaeleza, mmoja baada ya mwingine, watoto wa watu wakirudi mbele ya macho yetu saa nne za asubuhi huku soda zikigawanywa. Mchana tukapewa vyeti. Baba hakuja kazini wiki iliyofuata.

Nimesoma baadaye, na nina hasira nalo bado: Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna ile, cha siku moja, cha kumchimbua mtu aliyetoka tu kwenye tukio la kutisha. Utafiti haukuonyesha kwamba kinazuia kiwewe, na baadhi ya watu kinaweza kuwazidishia. Mwongozo wao wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia una mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama mtu yuko salama na anahitaji nini kwa sasa, hata kama ni maji na mahali pa kukaa. Msikilize akitaka kusema, asipotaka, mwache. Muunganishe na ndugu zake na huduma itakayomfuatilia. Haihitaji ukumbi. Muuguzi yeyote anaweza kujifunza.

Kwa Baba, kuunganishwa ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu ya Butabika. Hospitali ile ya taifa ya magonjwa ya akili, iliyoko Kampala, ilifunguliwa mwaka 1955, na imetibu watu wengi sana, lakini jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima. Ukimwambia mtu akamwone mtaalamu wa akili, anasikia umemwambia kichaa. Sisi watu wa afya ndio wabaya zaidi, tunampeleka mgonjwa kwa moyo mmoja na wenyewe hatuendi. Kumbe hata Kampala hakuna haja ya kufika. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imeweka huduma hii hadi kwenye vituo vya afya vya chini. Baba alikwenda Mbale. Alionwa na afisa tabibu wa magonjwa ya akili, akarudi tena na tena. Waliyozungumza ni yao. Anaendesha bado, na mswaki sijauona siku nyingi.

Nasi tukaanzisha daftari. Tunaandika namba ya mgonjwa na tarehe, na mama mkuu wa wauguzi wa hospitali tunayopeleka wengi alikubali kutujibu: ameruhusiwa, yuko wodini, amefariki. Basi. Majibu mengine ni mabaya, na niliogopa yatatuvunja. Imekuwa kinyume. Aliyefariki unamwombea, unamlilia, unamwacha apumzike. Siku tuliyoambiwa kijana mmoja tuliyemwokota kando ya boda yenye gunia la makaa ametoka kwa magongo, mguu wake ukiwepo, Baba aliagiza chai na chapati kwa kila aliyekuwa karibu, hata mlinzi.

Mtu asinielewe vibaya kwamba daftari linatosha. Nchi hii inatupenda sana tukiwa mashujaa. Dakta Matthew Lukwiya alifariki Desemba 2000 kwa Ebola akiwatibu watu wa Gulu, na ninamheshimu kwa moyo wangu wote. Mlipuko wa 2022 uliotangazwa Mubende uliambukiza wahudumu wa afya 19, saba wakafa. Waliokufa walisifiwa, na walistahili. Lakini mwenzangu aliyerudi mzima kutoka huko alikuta mwenye nyumba amebadilisha kufuli, vyombo vyake viko nje. Hakuna hotuba iliyosomwa kwa ajili yake. Tunaambiwa tupige moyo konde. Moyo tumeupiga konde miaka yote. Mtu wa kutupokea zamu hayupo. Muuguzi mmoja na dereva mmoja, usiku baada ya usiku, hawawezi kufundishwa ustahimilivu wakaacha kuhitaji usingizi. Kikosi kilichobeba maiti ya mtoto kisitumwe tena usiku uleule. Hilo ni suala la ratiba na mishahara, na wenye ratiba na mishahara wanajulikana.

Kuna jambo moja limetushinda. Wagonjwa wanaohamishwa kupelekwa Kampala daftari letu haliwafikii. Wakivuka Jinja wamepotea kwetu. Kama uko kwenye kikosi cha Iganga, Lugazi au popote kwenye barabara hii na mmepata njia ya kuwafuatilia, niandikie hapa chini. Baba ana majina mawili anayoyauliza kila Jumatatu.