Kichwa kizuri cha kukaa ndani: mimi nasema 73

Wastaafu wa reli hapa Tabora wakikutana, ubishi wa Simba na Yanga huisha mapema. Usioisha ni ubishi wa vichwa vya treni. Simaanishi kipi kilivuta zaidi. Swali letu ni kipi kilikuwa kizuri kwa mtu aliyekaa ndani yake usiku kucha. Nilianza kazi kama msaidizi wa dereva, nikastaafu nikiwa dereva, na jibu langu halijabadilika: 73, yaani vichwa vya dizeli vya daraja la 73.

Wengi wananijibu kwa 88, daraja jingine la dizeli, na sababu wanazo. 88 ilitoka Montreal, Kanada, ina silinda 12 na nguvu ya farasi 2,000. 73 ilitoka Varanasi, India, silinda 6, farasi 1,350. Injini zao ni za ukoo mmoja, ALCO 251 ya Kimarekani, ila 88 ndiyo kaka mkubwa. Dereva aliyepangiwa mabehewa mengi ya mzigo akakuta ameandikiwa 73, siku hiyo hasemi na mtu. Hilo silibishi.

Lakini kukaa ni jambo jingine. Kutoka hapa hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400: Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, kisha unateremka kwenda ziwani. Ndani ya 88 mtikisiko unaanzia sakafuni, unapanda magotini, unakaa kiunoni. Ukifika nochi ya nane, hatua ya juu kabisa ya kuongeza nguvu, unamwambia msaidizi neno moja mara tatu. Ndani ya 73 niliisikia injini, na kusikia ni nusu ya udereva. Hizi ALCO zina tabia yao. Ukivuta nochi kwa pupa, turbo, ile inayoisukumia injini hewa, inakuwa bado haijashika kasi, mafuta yanaizidi hewa, moshi mweusi unatangulia na nguvu inachelewa. Anayeisikia huipa muda wake, nochi moja, anasikiliza, kisha nyingine. Mabehewa yanaondoka bila kugongana, na abiria wa daraja la tatu hajui hata kwamba treni imeanza kutembea. Nilijivunia sana hilo, na bado najivunia.

Vyote viwili vina chumba kimoja tu cha dereva, kipo upande mmoja. Kichwa kikifungwa kinyume, pua ndefu, ule upande wenye injini, inatangulia, na dereva anaona upande wake peke yake. Upande wa pili anaazima macho ya msaidizi. Hapo ndipo unapomjua msaidizi wa kweli. Ng'ombe wamelala relini, kuna kona, ni usiku, na wewe huoni kitu mpaka akuambie. Waliokaa kiti kile hawasifiwi inavyostahili. Na mchana, ukipita mapori ya huko Usinge, ukifungua dirisha mbung'o wanaingia, ukilifunga mnachemka. Hilo halina 73 wala 88.

Wazee wetu waliotutangulia walitucheka tulipolalamikia joto. Wao walikaa mbele ya moto. Vichwa vya mvuke vya daraja la 30, vilivyoundwa Glasgow miaka ya 1950, vilipewa matangi makubwa ya maji kwa sababu ya ukame wa njia yetu, na vikaitwa kwa majina ya makabila. Kimoja, namba 3020 Nyaturu, kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Mzee aliyenifundisha kazi alisema kichwa cha mvuke kilikuonyesha mapema kama kina shida, na hakuna dizeli aliyoipenda kama vile. Namheshimu, lakini mgongo wake ulikuwa umekwisha kabla hajafika umri wangu wa sasa.

Juzi mpwa wangu alinipinga kwa hoja iliyoniingia. Yeye anafuatilia sana treni ya umeme, hii ya Dar es Salaam na Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024.

"Mjomba," akasema, "kichwa kizuri ni kile unachoshuka masikio yakiwa mazima."

Sikuwa na la kumjibu. Kati ya wenzangu tuliostaafu nao, ukiwasalimia kwa sauti ya kawaida wengine hawaitikii, na wala si dharau. Sisi tulipanda bila vifunika masikio. Reli hiyo mpya inajengwa kuja kwetu, na nawaombea vijana watakaoiendesha viti vyenye kushika mgongo na chumba chenye ubaridi. Wasidanganywe na yeyote kwamba kuumia ndiyo ufundi.

Kwa njia yetu ya zamani, lakini, sibadili neno. Mzigo mzito kwenda Dodoma, nipeni 88, nitaumia na treni itafika. Treni ya abiria kwenda Kigoma, 73. Na tawi la Kaliua hadi Mpanda, ile njia iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, huko sihitaji hata kuulizwa: 73, tena pua fupi mbele, na msaidizi anayeniambia asichokiona vilevile kama anachokiona.