Waliniambia "pingi tu": nilivyopima bodi za ruta

Ukiwa na bodi yenye milango miwili ya mtandao, mtu akakuambia uchomeke kebo mlango kwa mlango kisha upingi (utume pakiti ndogo uone kama zinajibiwa) au upime kasi, mshukuru halafu umpuuze.

Nilinunua bodi ndogo za kompyuta, NanoPi R2S, kadhaa za mtumba Kariakoo, laki na ushee kila moja, nizigeuze ruta za wateja. Sipendi kupigiwa simu usiku, kwa hiyo bodi haitoki mezani bila kupimwa. Fundi mmoja mwenye maneno mengi akaniambia: "Kaka, eth0 ipe 10.0.0.1, eth1 ipe 10.0.0.2, weka kebo katikati, rusha iperf3. Dakika tano tu."

Eth0 na eth1 ni majina ya ile milango miwili, na iperf3 ni programu ya kupima kasi ya mtandao. Nikafanya mbele yake. Majibu: gigabiti kadhaa kwa sekunde, na mlango wenyewe ni wa gigabiti 1! Yeye anatabasamu. Nikachomoa kebo. Namba zikaendelea kumiminika vilevile, kebo nimeishika mkononi, nikamning'inizia usoni.

Linux ikiona anwani zote mbili ni zake, haihangaiki kutoa pakiti nje. Inazipitisha ndani kwa ndani kwenye lo, mlango wa kubuni ulio ndani ya mashine yenyewe. Hapo umepima prosesa. Mlango haujaguswa.

Dawa yake ni netns, chumba cha mtandao kilichotengwa ndani ya Linux (changu nilikiita chumbani): ip netns add chumbani, kisha ip link set eth1 netns chumbani. Eth1 inafungiwa peke yake, keneli (kiini cha Linux) inaichukulia kama mashine nyingine, na njia ya kuifikia inabaki moja, kupitia kebo. Usishtuke ikipoteza anwani na kuzimika ukishaihamisha. Ipe upya na uiwashe kwa ip netns exec chumbani. Nikarusha tena, nikachomoa kebo, ikakata papo hapo. Raha iliyoje! Yule fundi kimya.

Bodi zilizokuwa nzima zilitoa megabiti mia tisa na kitu. Pima pande zote mbili kwa -R ya iperf3, inayogeuza nani anatuma na nani anapokea, maana mlango mmoja wa R2S unapita USB 3.0 kwa ndani, na unaweza kupokea vizuri huku unatuma ovyo.

Bodi moja ikagoma kwenye megabiti 94. Ethtool, amri inayoonyesha kasi ya mlango, inasema 100Mb/s. "Hiyo imekufa," fundi akapata sauti tena, "nipe elfu ishirini niifanye spea." Mimi 94 ilikuwa imeshaniambia pa kutazama: gigabiti inataka nyaya zote 8, megabiti 100 inatosheka na 4 tu, za pini 1, 2, 3 na 6. Nikabadilisha kebo, wapi. Nikazima umeme, nikamulika tochi ya simu ndani ya tundu, nikaiona pini ya 7 imelala chini kabisa, haigusi kitu. Nikaiinua kwa sindano ya kushonea, taratibu, mpaka ikalingana na wenzake.

Nikawasha: 1000Mb/s. Bodi hiyo iko duka la dawa Mbagala sasa hivi, inafanya kazi, na nimeiuza kwa bei ileile ya nyingine.