Lake District bila magari: nilivyojifunza kuusoma mstari wa kijani

Kioo cha pembeni cha gari kilinigusa kiwiko, basi. Sikuanguka wala sikuumia, na sidhani kama dereva alijua. Lakini nilisimama kando ya barabara ya A591, huku ukuta wa mawe, kule msururu wa magari ya watalii, nikajiambia kama Lake District yenyewe ndiyo hii, baiskeli naiuza.

Anayeijua kona ile ya kaskazini magharibi mwa Uingereza atanielewa. Milima imebanana, maziwa yamekaa mabondeni, na barabara nazo zimelazimika kupita humohumo mabondeni. Vichochoro vyenyewe vina kuta pande zote mbili, gari mbili zikikutana mmoja lazima arudi nyuma, na bado vingi kisheria unaruhusiwa kukimbia maili 60 kwa saa. Ukiwa juu ya baiskeli, nafasi yako ni ile ya mzigo uliodondoka njiani.

Baiskeli sikuiuza. Nilinunua ramani. Baiskeli yangu ni ya changarawe, usukani uliopinda kama wa mashindano ila tairi pana, na kwa miezi kadhaa nilikuwa naitumia kwenye lami tu, sawa na mtu aliyenunua jembe akafanya fimbo ya kutembelea.

Ramani ninayosema ni ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huko, ile ya karatasi, ambayo sentimita 4 ni kilomita moja. Njia za umma zimechorwa kwa kijani. Vistari vifupi ni njia ya miguu, na baiskeli hapo huna haki nayo. Vistari virefu ni njia ya farasi, na tangu sheria ya mwaka 1968 mwendesha baiskeli anaruhusiwa kupita, mradi ampishe anayetembea na aliyepanda farasi. Tofauti ya vistari hivyo ni milimita chache tu, na mara ya kwanza nilivisoma kwenye taa hafifu nikakosea. Nilijikuta kwenye shamba la mtu na kondoo wananikodolea macho. Sasa natumia miwani.

Nilianzia kwa Windermere, kwa sababu ndipo treni inaponishusha. Upande wa mashariki wa ziwa ndiko kwenye mahoteli na foleni. Upande wa magharibi ni dunia nyingine. Unapanda kivuko cha kamba pale Bowness, dakika chache umevuka, unakata kulia, na muda si mrefu lami inaisha. Kuanzia hapo hadi karibu na Wray Castle unafuata njia ya changarawe ufukweni kabisa, chini ya miti, karibu tambarare tupu. Mizizi ipo, na kuna sehemu mawe yametokeza kama meno, lakini mtu yeyote anayeweza kuendesha baiskeli ataipita. Wikendi wapo watoto, mbwa na wazee. Kengele yangu niliiacha, maana watu walishtuka wakaruka upande usiotakiwa. Sasa nasalimia kwa sauti nikiwa bado mbali, wananipisha wenyewe, na wengine wanataka tusimame tuongee.

Kutoka hapo kuna kipande cha lami cha kuvumilia hadi Hawkshead, halafu unaupanda msitu wa Grizedale, ulio kati ya Windermere na ziwa la Coniston. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanazipenda barabara za msitu. Zilichongwa kwa ajili ya malori ya magogo, na lori lenye mzigo haliwezi mwinuko mkali, kwa hiyo mhandisi amekwisha kukufanyia kazi yako. Unapanda muda mrefu, ndiyo, lakini unapanda umekaa. Ukiingia kwenye kona unakutana na sanamu limesimama kati ya miti (wamekuwa wakiyaweka humo tangu 1977), na ukitoka kwenye uwazi unaiona milima ya Coniston yote. Hadhari ni moja: wanapokata miti wanafunga njia, na kibao kikisema geuka, geuka. Lori la magogo halina breki za kukuhurumia.

Keswick, mji wa upande wa kaskazini, nitaigusa tu. Kuna njia ya zamani ya reli kwenda Threlkeld, kama kilomita 5, inayouvuka mto Greta mara kadhaa. Dhoruba Desmond ya Desemba 2015 ilizoa baadhi ya madaraja yake, njia ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2020 ikiwa na lami laini. Wenye baiskeli kama yangu walinuna kwa sababu ya hiyo lami. Mimi nimemwona mama akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya bonde lile, sina la kusema.

Sasa Ennerdale, maana ndiko kulikonifunza.

Ennerdale ni bonde la magharibi kabisa, na ziwa lake halina barabara ya umma inayolizunguka. Magari yanaishia kwenye maegesho ya Bowness Knott (si Bowness ile ya kivuko), na langu niliacha hapo. Ukipita geti lile unabaki na barabara ya msitu, mto Liza, na ukimya ambao kwanza unaudhania ni masikio yameziba. Kwa mwendo wangu ni kama saa moja hadi mwisho wa bonde, ambako kuna Black Sail, kibanda cha zamani cha mchungaji kilichogeuzwa hosteli. Nilifika saa tano asubuhi nikiwa na nguvu zote, nikafungua ramani juu ya meza ya nje, nikaona mstari wa kijani, vistari virefu kabisa, unapanda pengo la milima la Scarth Gap na kuteremkia bonde jirani la Buttermere. Njia ya farasi, halali. Nikaona nina akili sana.

Haki ya kupita na uwezo wa kupita ni vitu viwili, jambo ambalo ramani haikulificha, mimi ndiye sikuliangalia. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeibeba baiskeli begani, pedeli inanichoma mgongoni kila hatua, na viatu vyenye chuma chini vinateleza kwenye mawe mabichi kama niko juu ya sabuni. Mzee mmoja aliyekuwa akiteremka na mbwa wake alisimama, akanitazama kwa makini, akaniuliza kama ni baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi. Nilicheka kwa adabu. Pumzi ya kujibu sikuwa nayo.

Kileleni, kama mita 445, upepo ulikuwa mkali hata siwezi kuisimamisha baiskeli. Kuteremka kulikuwa kubaya zaidi. Mahali palipoonekana pametulia kidogo nilishawishika nikapanda, nikazungusha pedeli mara tatu, nikasikia *fsss*. Jiwe bapa lenye makali lilikuwa limepasua ubavu wa tairi la nyuma, tundu la kupitisha kidole gumba. Tairi zangu hazina tyubu, ndani yake kuna dawa nyeupe ya kuzibia, nayo ikarukia miguuni na usoni. Dawa ile inaziba tundu la mwiba, mpasuko kama ule inauangalia tu.

Tyubu ya akiba nilikuwa nayo, ila ukiiweka hivihivi inavimbia nje ya mpasuko na kupasuka. Inahitaji kitu kigumu cha kukinga ndani. Nilipekua mifuko: karatasi ya biskuti, nyepesi mno, risiti, imelowa. Halafu nikakumbuka noti. Noti za pauni 5 ni za plastiki tangu 2016. Nikaikunja mara mbili, nikailaza ndani ya tairi juu ya mpasuko, nikaiingiza tyubu, nikapampu taratibu huku nikiangalia ubavu. Ulituna kidogo, ukatulia.

Chini, njia ya msitu kando ya ziwa la Buttermere ilikuwa safi, changarawe nzuri kabisa, na niliipita kwa mwendo wa konokono nikisikiliza tairi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba gari langu lilikuwa upande wa pili wa mlima. Nilirudi kwa lami, nikizungukia Loweswater, giza linaingia, magari yaleyale niliyoyakimbia yakinipita kiwikoni.

Tangu siku hiyo nahesabu kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, kabla ya kuamini kijani. Kule milimani kila mstari wa kontua ni mita 10, na kila mraba wa ramani ni kilomita moja. Njia ikikata mistari zaidi ya kumi ndani ya mraba mmoja, na si barabara ya msitu, naiachia farasi. Pia nasoma majina. Likiandikwa Pass, Gap au Hause, neno la huko la shingo ya mlima, maana yake ni bega langu. Tairi nilibadilisha, kutoka milimita 38 hadi 45, na upepo nimepunguza. Mawe yale hayapendi tairi gumu. Na Ennerdale siku hizi naenda hadi Black Sail, nakunywa chai, nageuza kwa njia ileile. Kurudi unaliona ziwa mbele yako, jambo ambalo kwenda hulipati.

Lile tairi lililopasuka niliendelea nalo majira yote ya kiangazi yale, uvivu tu. Nilipolivua hatimaye, tyubu ilikuwa nzima, na noti imetoka nyeusi kidogo kwenye mkunjo. Niliiosha kwa sabuni, na kwenye kivuko cha Windermere waliipokea bila neno.