Kura ya Kumi

Padri aliyetufundisha Kilatini kidato cha pili hakushika fimbo kamwe, na waliosikia habari zake kwa mbali walimdhania mpole. Usiku mmoja bweni letu lilipiga kelele baada ya taa kuzimwa mpaka gombera, mkuu wa shule, akaamka. Asubuhi Padri hakuuliza nani kaanza. Alitupanga mstari, wote 40, akaja na kofia iliyojaa vikaratasi.

"Leo mtajifunza kitenzi kimoja," alisema. "Decimare."

Vikaratasi vinne vilikuwa na msalaba. Atakayeupata angefyeka uwanja wa mpira kwa kwanja hadi jioni. Kofia ikipita, yeye alikuwa anasimulia. Katika jeshi la Roma, kikosi kilichokimbia vita kiliweza kupigishwa kura. Katika kila watu kumi mmoja aliangukiwa, na wenzake wakamuua kwa marungu. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa kale, ameandika kwamba waliosalia walilishwa shayiri badala ya ngano na kulazwa nje ya boma. Crassus, jemadari wa Roma, akipigana na Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi, alichagua askari 500 waliotangulia kukimbia, akaua 50. Shayiri yetu sisi 36 ilikuwa uji usio na sukari.

Msalaba mmoja ukamwangukia kijana aliyekuwa amelala zahanati usiku ule, anaumwa jino. Akalalamika, tena kwa haki.

"Roma nako ilikuwa hivyo," Padri akamjibu. "Shujaa na mwoga, kofia moja."

Kijana akachukua kwanja. Uji ule haukushuka kooni, na si kwa sababu ya sukari.

Siku chache baadaye Padri alitufungulia Biblia ya Kilatini, Mathayo 23:23, Yesu anapowakaripia Mafarisayo: mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira. Kitenzi kilikuwa kile kile! Mwenye kutoa fungu la kumi na mwenye kuua mtu wa kumi, lugha iliwapa neno moja. Waingereza nao waliporithi decimate walilitumia hata kwa kodi: mwaka 1655 serikali ya Cromwell, aliyetawala baada ya mfalme kuondolewa, iliwatoza wafuasi wa mfalme sehemu ya kumi ya mapato yao. Baadaye hesabu ikadondoka njiani. Siku hizi ukame unamaliza ng'ombe wote, na gazeti la Kiingereza linaandika decimate.

Padri alikuwa akilizungushia wino mwekundu kila alipolikuta gazetini. Hapo sikubaliani naye hadi leo. Sisi wenyewe husema ugonjwa umefyeka kijiji, wala hakuna anayeuliza kwanja liko wapi.

Ila nikimsikia mtangazaji wa Kiingereza akisema majeruhi wame-decimate timu fulani, namkumbuka na kupiga hesabu zake. Sehemu ya kumi ya wachezaji 11 ni mtu mmoja na ushee. Kwa hesabu hiyo kocha aingize mchezaji wa akiba, aache kulalamika.