Njia ya Mloka

Ukiishi Dar unasahau jinsi pori lilivyo karibu. Foleni ya Mbagala imetula asubuhi nzima, Mkuranga tumeipita bila kusimama, Kibiti tukapata chai na chapati, kisha lami tukaiacha.

Kutoka hapo hadi Mloka, kijiji kilicho jirani na geti la hifadhi, ni mchanga, makorongo na ule udongo mweusi unaonata. Kila palipotia shaka shemeji, ndiye aliyekuwa akiendesha, alishuka, akachoma fimbo kwenye tope kutafuta ugumu uko wapi. Mchanga ulipozidi tukapunguza upepo wa matairi. Tairi lililolegea hutanuka, likalala juu ya mchanga badala ya kuukata. Akaweka gia ya nguvu, akaenda mdogo mdogo bila kugusa breki. Nyuma tulibeba pampu, majembe, maji na kipande cha ubao mnene, maana jeki ukiiweka juu ya mchanga mtupu inazama yenyewe na gari linabaki palepale.

Ukishavuka geti la Mtemere mambo yanabadilika. Umeingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Simba wamo, na kushuka ovyo hairuhusiwi. Korongo ambalo kule nje ungelikagua kwa miguu, huku unalisoma ukiwa kwenye usukani: gari lililotangulia lilipita wapi, alama zake zimekauka au bado zina maji, ukingo wa pili umemomonyoka kiasi gani. Na ukinasa, wa kukuvuta anaweza asipite hadi kesho.

Tulifika kwenye korongo moja, mbele yake mivumo, ile miti jamii ya mitende, imesimama mirefu hadi mtoni. Nilitamani sana tuvuke. Shemeji akazima injini, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Dada, hapa hapana." Akarudi rivasi taratibu. Kwangu mimi huo ndio udereva wa pori. Wanaosifiwa mjini ni wale wanaorusha matope, lakini mtu wa kumkabidhi watoto wangu ni huyu.

Masika ikianza njia nyingi za humo hazipitiki kabisa. Kwa hiyo tumepanga mwezi wa nane, ardhi ikiwa imekauka, tuingilie upande wa Kisaki kwa geti la Matambwe na kutokea Mtemere. Shemeji ameshaanza kuulizia winchi ya kuazima, ile mashine ya kulivuta gari lililonasa.