Nilivyompata mshauri Malindi nikiwa mkaazi wa Lamu

Lamu ukitaka fundi wa jahazi utampata kabla ya adhuhuri. Ukitaka mtu wa kumweleza ya moyoni ambaye si binamu wa mumeo, wala hakusoma madrasa moja na shangazi yako, hapo utatoka jasho. Ukionekana umekaa kwenye benchi la hospitali ukisubiri daktari wa mambo ya akili, kufikia Alasiri habari iko mtaa wa Langoni, na Maghrib inakurudia imeshatiwa chumvi.

Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Kazi humpeleka Faza, Kizingitini, mara nyingine Kiunga, na njiani kuna sehemu ambazo simu haishiki. Hapo ndipo nilipokuwa nikiharibika. Chakula hakipiti, usingizi hauji, natuma ujumbe juu ya ujumbe, na kichwani nimeshamzamisha baharini au nimeshamwozesha mke wa pili. Ajabu ni kwamba akirudi salama sikufurahi. Nilimpa maji ya kuoga, nikamwekea chakula, nikamnyamazia mpaka siku ya pili. Usiku mmoja akaniambia, "Mke wangu, nikiondoka ni kosa, nikirudi ni kosa. Niambie nikae wapi."

Mama mkwe alisema ni hasadi. Khalati yangu akanipeleka kwa ustadh nikasomewa, nami nilipata utulivu wa muda, siwezi kusema uongo. Ustadh mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Binti yangu, kisomo endelea nacho, na mtaalamu umwendee pia." Wale wanaodhani lazima uchague kimoja hawajamsikia huyu mzee.

Mshauri wa kwanza niliyempigia simu alinipa hotuba ya subira ya mke mwema, na kulipa nililipa. Wa pili nilimpata mtandaoni, mgeni wa mbali. Nilipomwambia nimelelewa na bibi, akataka kujua kama bibi alikuwa akilipwa. Nikaona nikiendelea hapa nitakuwa nafundisha ukoo wetu kwa bei ya dola.

Baadaye rafiki yangu muuguzi, anayeishi Malindi, akanitafutia majina. Safari hii nilijiandaa. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na kwa sheria hiyo anayefanya kazi hii anatakiwa awe amesajiliwa na bodi yao. Kwa hivyo swali la kwanza lilikuwa hilo: umesajiliwa? Aliyekasirika kwa kuulizwa nilimfuta hapo hapo. Nikauliza amesomea nini hasa, kuna mtaalamu mwenzake anayemsimamia, na mambo ya utotoni huyashughulikia vipi. Na vikao viwe kwa Kiswahili, maana kulia kwa Kiingereza siwezi.

Swali lililoamua lilikuwa la mwisho: "Tukikutana sokoni, itakuwaje?" Mmoja akasema, "Sitakusalimu mpaka unisalimu wewe. Ukinipita, nami nitakupita, na sitakuuliza kwa nini." Kwa sisi watu wa pwani kumpita mtu bila salamu ni tusi. Lakini nilielewa mara moja kwamba huyu mama amefikiria siri inavyovuja kwenye miji midogo, na yuko tayari kuonekana hana adabu ili anilinde. Nikamchagua yeye.

Kikao cha kwanza nilikwenda mwenyewe. Boti mpaka Mokowe, kisha basi la Malindi kupitia Witu na Garsen, na vile vizuizi vya polisi ambavyo kila msafiri wa njia ile anavijua. Nyumbani nilisema nakwenda kununua vitambaa, na vitambaa nikanunua kweli. Vikao vingi vilivyofuata vilikuwa vya simu, shilingi 2,500 kila kimoja. Shida ilikuwa mahali pa kuzungumzia. Nyumba za mji mkongwe zina kuta nene, lakini juu darini jirani anasikia hata ukikohoa. Nikaishia kwenye stoo ya vitabu pale shuleni ninapofanya kazi, saa ya mapumziko, mlango nimeufunga kwa ndani.

Nilidhani tutazungumza habari za mume. Yeye akaniuliza nani alinilea. Nikamweleza: mama alikwenda Jedda kufanya kazi za nyumbani nikiwa na miaka minne, nikabaki na bibi. Alikuwa akija likizo na sanduku kubwa. Siku akifika mimi najificha nyuma ya bibi. Mama ananyoosha mikono, bibi anasema, "Ndoo, huyu ni mamako," nami siji. Nikishamzoea, likizo imekwisha.

Hapo ndipo aliponieleza tiba anayoitumia, iliyosimama juu ya kile wataalamu wanachokiita mfungamano, yaani kamba ya moyo baina ya mtoto na anayemlea. Asili yake ni daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, aliyezaliwa 1907. Yeye na mwenzake James Robertson waliwafuatilia watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi wao, kama wale waliolazwa hospitali. Mtoto kwanza hulia na kugoma. Kisha hukata tamaa. Mwisho hutulia na kujitenga, kana kwamba hajali, na mama akija anaweza kumgeuzia uso. Watu wazima humtazama wakasema ameshazoea.

Kilichonivutia zaidi ni habari za Mary Ainsworth, kwa sababu kazi yake ilianzia jirani zetu Uganda. Mwaka 1954 alifika Kampala na mumewe, akaanza kuzitembelea familia 26 za vijijini nyumbani kwao, akitazama watoto wanavyomtumia mama: wanatambaa kwenda kuchungulia dunia, wanarudi, wanatoka tena, kama chombo na gati lake. Baadaye akiwa Baltimore, Marekani, alitengeneza jaribio la chumbani ambapo mama hutoka kidogo kisha akarudi. Na katika jaribio lile kinachoangaliwa zaidi ni mtoto afanyavyo mama akirudi. Kuna anayemkimbilia na kutulia. Kuna anayejifanya hamwoni. Kuna anayemng'ang'ania huku anampiga.

Niliposikia hilo nikamkumbuka mume wangu na "nikirudi ni kosa".

Nilimuuliza kama basi mama ndiye aliyeniharibu. Akakataa kulichukua neno hilo. Alisema mtoto hufungamana na watu zaidi ya mmoja, na kwamba bibi alinipa kitu ambacho bado ninakitumia bila kujua. Lakini bibi kuwepo hakukufuta mama kuondoka, na mama kuwa na sababu hakukufuta uchungu wa mtoto wa miaka minne. Yote yanakaa pamoja. Mimi nilitaka mshitakiwa, yeye hakunipa.

Msije mkadhani tiba yenyewe ni kusimuliana ya kale. Sehemu kubwa inafanyika baina yenu wawili, papo hapo. Kulikuwa na wiki aliyoahirisha kikao kwa sababu ya msiba. Alinijulisha mapema, kwa adabu. Kikao kilipofika simu ikaita nikaiangalia tu mpaka ikakata. Akatuma ujumbe: nipo, na wiki ijayo saa ile ile nitapiga. Akapiga. Hakunigombeza, wala hakujifanya hakuna lililotokea. Akaniuliza mwilini nilihisi nini nilipoona jina lake kwenye simu. Nikamwambia nilihisi kwamba nikipokea nitakuwa nimemsamehe bure. Tulikaa kwenye sentensi hiyo kikao kizima. Nafikiri nilijifunza pale zaidi kuliko kwenye habari zote za Bowlby: mtu ameondoka, amerudi, nimekasirika mbele yake, na bado yupo.

Tahadhari moja kwa anayetafuta. Kuna kitu kingine chenye jina linalokaribiana na la tiba hii ya mfungamano, ambapo watoto walikuwa wakishikwa kwa nguvu au kufungwa kwenye mashuka ili eti "wafungamane". Mwaka 2000 msichana wa miaka 10 alikufa hivyo huko Colorado, Marekani. Hiyo si tiba ninayoieleza. Mtu akikwambia atamlazimisha mwanao kupenda, mchukue mwanao uondoke. Na yale maswali ya mtandaoni ya kukwambia mfungamano wako ni wa aina gani, jibuni mkipenda, ila mshauri wangu hakuwahi kunipa jina la aina yoyote, na sikulihitaji.

Nyumbani mabadiliko ni ya kawaida tu. Mume kabla ya kuondoka hunitajia simu itakatika wapi na anatarajia kushika tena lini, na akichelewa hutuma salamu kwa nahodha anayerudi. Mimi akifika namwambia, "Nilikuwa na hasira nawe tangu jana," kwa mdomo, badala ya kununa. Mara ya kwanza alicheka akadhani nimerogwa. Wasiwasi haujaisha. Kiunga bado inanitoa jasho.

Mama alirudi kwa jumla zamani, anakaa nami. Juzi juzi nilimweleza nilikokuwa nikienda na vile vitambaa. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema kule Jedda alikuwa akimwogesha mtoto wa watu huku analia, na bibi mwenye nyumba akidhani ni sabuni. Halafu akauliza huyo mshauri wangu anatoza kiasi gani. Nilipomtajia akasema ni ghali, na akataka namba. Nilipompigia mshauri, alisema hawezi kutuchukua sote wawili, mtu na mamake, akanipa jina la mwenzake wa Mombasa.